Likizo ya kuteleza mawimbini, Agosti au Desemba: tupande ndege au Kigamboni inatosha?

#1 MtuWaKaole (mleta uzi)
Wakuu salaam. Tunaondoka Dar watu wawili. Mmoja hajawahi kusimama juu ya ubao, wa pili anasimama na kugeuka kwenye mawimbi ya kiuno mpaka kifua. Likizo ni wiki mbili, Agosti au nusu ya pili ya Desemba, si zote mbili. Kila tukiuliza tunaambiwa Bali ya Indonesia.

Hoja yangu ni hii. Tuna pwani ya kitropiki kuanzia Tanga hadi Mtwara, upepo wa kusi unapiga miezi mitano, maji yana joto mwaka mzima. Kwa nini tulipie ndege wakati Kigamboni ni kuvuka daraja tu? Mwenye kupinga apinge, ila alete sababu, asilete jina la mahali peke yake.

#2 Kolekole
Mkuu, umeanza na joto la maji. Anza na sekunde.

Utabiri wowote wa bahari una namba tatu: kimo cha wimbi kwa mita, muda kati ya wimbi na wimbi kwa sekunde, na upande linakotoka. Wengi wanasoma mita wanafunga simu. Mbele ya Dar wakati wa kusi aghalabu utakuta mita 1.5 hadi 2 kwa sekunde 7 mpaka 9. Hilo ni wimbi la upepo, limezaliwa karibu na halijapata safari ndefu ya kujipanga. Kusini mwa Bali mita hizohizo zinafika kwa sekunde 14 na zaidi.

Hesabu yake: zidisha sekunde kwa zenyewe, kisha kwa 1.56, unapata urefu kutoka mgongo mmoja hadi mwingine kwenye kina kirefu. Sekunde 8 ni mita 100. Sekunde 14 ni mita 305 hivi. Wimbi linaanza kuhisi sakafu ya bahari kina kikifika nusu ya urefu huo. Kwa hiyo la sekunde 14 linaanza kujipinda kufuata umbo la mwamba likiwa kwenye mita 150, wakati la sekunde 8 linasubiri mpaka mita 50. La kwanza linafika limepangika, linainuka kupita kimo kilichoandikwa, na linavunjika kutoka upande mmoja kwenda wa pili, ndipo unapata pa kutelezea. La pili mara nyingi linaanguka lote kwa mpigo.

#3 Nahodha Msasani
Nakazia alichosema Kolekole, na sababu ya sisi kukosa hizo sekunde 14 ni Madagaska. Mawimbi marefu yanazaliwa kwenye dhoruba za bahari ya kusini, nyuzi 40 mpaka 60. Kisiwa kile kina urefu wa karibu kilomita 1,600 na kimesimama kama ukuta kati yetu na huko. Mawimbi ya kusini-magharibi yanaishia Msumbiji na upande wa magharibi wa Madagaska yenyewe. Kinachoponyoka kinakutana na Unguja na Mafia. Dar iko kivulini.

#4 Mzee wa Jedwali
Nahodha, Madagaska nakubali nusu. Unguja ifute kabisa. Fungua ramani: Unguja iko kaskazini na kaskazini-mashariki ya Dar. Inakinga mawimbi ya kaskazi, upepo wa kaskazini, kusi haiigusi. Mafia iko kusini-kusini-mashariki, inaziba pembe moja tu. Ukisimama Kigamboni, kuanzia Mjimwema kwenda Ras Kutani, ukitazama mashariki na kusini-mashariki mbele yako ni bahari tupu. Upande wa mjini kinachoua wimbi ni visiwa vidogo na miamba yake: Bongoyo na Mbudya kwa Msasani hadi Kunduchi, Sinda kwa upande wa mlango wa bandari.

La pili ni maji, na hapa ndipo wengi wanapopoteza siku nzima. Dar kwenye bamvua maji yanapanda na kushuka zaidi ya mita 3, kwenye maji mafu karibu mita 1. Siku za bamvua, yaani za mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji yanajaa karibu saa kumi, alfajiri na jioni, na yanakupwa karibu saa nne. Kila siku yanachelewa kama dakika 50. Sasa nenda Coco Beach siku ya bamvua saa nne asubuhi: mawe yako nje, hakuna cha kuteleza. Ukisubiri saa kumi jioni, maji yamejaa lakini kusi imeshauchafua uso wa bahari tangu adhuhuri.

Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo yanageuka. Yanajaa karibu saa nne asubuhi, mawe yamefunikwa, na umande, ule upepo wa alfajiri unaotoka bara, haujazidiwa sana. Anayetaka kujifunza Dar apange kwa mwezi, asipange kwa wikiendi.

#5 Chuchunge
Mmesahau mkondo. Mkondo wa pwani ya Afrika Mashariki unakwenda kaskazini mwaka mzima, na wakati wa kusi unakimbia zaidi, unaweza kufika hata kilomita 7 kwa saa. Wimbi linalosafiri pamoja na mkondo linavutika na kushuka kimo. Linalopingana nao linafupika na kusimama wima, na hilo mabaharia wa majahazi wanalijua vizuri wakati wa kaskazi. Kwa hiyo hata Madagaska ingeondolewa, mawimbi yetu ya Agosti yangefika yamelegea.

#6 Nahodha Msasani
@Chuchunge mkondo huohuo unapita mbele ya Malindi, na Malindi kuna mawimbi ya kuteleza. Eleza hapo.

@Mzee wa Jedwali, Unguja naifuta. Madagaska sifuti hata nusu.

#7 BintiMakunduchi
Kaka zangu mnabishana ramani, mleta uzi ana watu wawili na tarehe.

Kabla hujafikiria ndege, fikiria Paje na Jambiani, ila uende ukijua kinachofanyika kule ni kaiti, ubao unaovutwa na kishada. Kusi ya Juni hadi Septemba, kisha kaskazi kuanzia katikati ya Desemba mpaka Februari au Machi. Kwa hiyo miezi yako yote miwili inaingia. Mwamba wa nje uko mbali na ufukwe, na katikati ni maji ya kiuno juu ya mchanga, mahali pazuri pa kuanguka na kusimama tena.

Mawimbi yenyewe yanavunjika nje, kwenye ukingo wa mwamba. Kuyafikia unahitaji boti na nahodha anayejua mlango, na urudi kabla maji hayajakupwa. Usijaribu kupiga mikono toka ufukweni mpaka kule. Na maji yakipwa, mashamba ya mwani yanabaki na vijiti na kamba karibu na uso. Ukishushwa hapo unachanika mguu, na unaharibu kazi ya akina mama waliofunga mwani ule kamba kwa kamba. Uliza mipaka ya mashamba kabla ya kuingia.

#8 Dagaa Mchele
Umemaliza dada. Nimekaa hapa nasoma.

#9 Jodari
Jibu lenye miezi yote miwili ni Sri Lanka, na sababu ni pepo zao.

Kuanzia Mei hadi Septemba upepo wa msimu unatoka kusini-magharibi. Unapita juu ya nchi kavu na kutokea pwani ya mashariki ukielekea baharini, kwa hiyo Arugam Bay inapata upepo wa bara, unaoshikilia uso wa wimbi usianguke mapema. Kuanzia Desemba upepo unageuka kaskazini-mashariki, unavuka kisiwa na kutokea pwani ya kusini-magharibi: Hikkaduwa, Midigama, Weligama, Mirissa. Mawimbi yenyewe yanatoka bahari ya kusini misimu yote miwili, na hakuna kisiwa katikati. Unahama pwani, hauhami nchi.

Kwa watu wenu wawili: Agosti ni Arugam Bay. Anayesimama aende Main Point akiwa tayari kwa umati, asiyesimama akae Baby Point. Desemba ni Weligama, ghuba yenye sakafu ya mchanga na mawimbi ya kiuno, kisha mwenye uwezo anasogea Midigama kwenye mwamba. Maji ya Sri Lanka yanapanda na kushuka chini ya mita moja, kwa hiyo lile jedwali la Mzee linakupa raha kule, saa yoyote unaingia.

Kinachoharibika: barabara ya Colombo kwenda Arugam Bay inavuka kisiwa kizima, hesabu saa saba au zaidi. Tembo wanavuka barabara jioni, usikubali dereva akupeleke usiku. Weligama iko karibu zaidi na barabara ni nzuri.

#10 Pono
Jodari umeitendea haki Sri Lanka, sasa mwacheni mtu atetee Bali kwa sababu, maana mleta uzi ameomba sababu.

Kusi yetu na upepo wa Bali wa Aprili hadi Oktoba ni ndugu, zote zinatoka kusini-mashariki. Tofauti ni pwani inavyotazama. Sisi tunatazama mashariki, kusi inatupiga usoni. Upande wa magharibi wa rasi ya Bukit, yaani Uluwatu na Padang Padang, unatazama magharibi, upepo unatokea mgongoni. Novemba hadi Machi upepo unageuka magharibi, na hapo pwani ya mashariki inafaa: Keramas, Nusa Dua, Sanur.

Lakini tusidanganyane, Uluwatu si pa mwanafunzi. Unaingia na kutoka kupitia pango, maji yakijaa mchanga wa ndani unatoweka, na mkondo unakupitisha mlango. Ukipitishwa usipigane nao, zunguka nje uanze upya. Anayeanza akae Kuta kwenye mchanga. Wa kiuno mpaka kifua aende Batu Bolong pale Canggu, wimbi lake ni pole na ubao mrefu unafaa. Desemba Kuta ina mvua na takataka zinazosukumwa ufukweni na upepo wa magharibi. Kwa hiyo Bali ni Agosti, Desemba hapana.

#11 Kolekole
Naongezea kwa Pono na Jodari: mnachagua nchi, mimi ningechagua sakafu kwanza.

Mchanga: unaanguka bila kuumia, lakini matuta ya mchanga yanahama, wimbi la leo kesho halipo. Rasi, ambapo wimbi linazunguka mawe na kukimbia kandokando ya ufukwe: refu na linatabirika, ila wote mnasubiri sehemu moja. Mwamba wa matumbawe: wimbi lilelile kila siku, na adhabu ya kukosea ni ngozi. Wimbi linavunjika kina kikiwa kama mara 1.3 ya kimo chake. La mita 1.5 linavunjika juu ya mita 2 za maji. La nusu mita linavunjika juu ya sentimita 65, na hapo ndipo wanaoanza wanapoumia, wanadhani wimbi dogo ndilo salama juu ya mwamba.

Asiyesimama hana biashara na mwamba wiki ya kwanza. Hilo peke yake linaondoa hata Maldivi, kwenye mawimbi ya mwamba, kwenye orodha yenu.

#12 Changu
Maldivi msiiondoe kwa haraka hivyo. Viza ni bure siku 30 mnapofika, kwa karibu kila taifa, mkiwa na nafasi ya kulala na tiketi ya kurudi. Machi hadi Oktoba mawimbi ya kusini yanaingia kwenye milango ya atoli, yaani visiwa na miamba iliyojipanga kama pete, na upepo wa kusini-magharibi unakuwa wa bara kwa miamba ya upande wa mashariki. Kisiwa cha Thulusdhoo kina nyumba za wageni za kawaida, na wimbi la Cokes liko palepale.

#13 Kolekole
@Changu Cokes ni zito na liko juu ya matumbawe. Kwa mtu wa kiuno mpaka kifua ni kumpeleka kutazama wenzake. Akiwa na miaka miwili mitatu ya mazoezi, nitakuwa wa kwanza kumtuma.

#14 Mwanamji wa Inhambane
Naona wote mnaruka bahari nzima wakati jirani yupo. Tofo, Msumbiji. Mtanzania haombi viza kwa safari fupi. Unapita Johannesburg au Maputo, kisha ndege ya Inhambane. Kwa barabara toka Maputo ni karibu kilomita 500.

Kwa nini inafaa: Madagaska ya Nahodha haiizibi Tofo. Mawimbi ya kusini na kusini-magharibi yanapanda mlango wa Msumbiji na kujipinda kwenye rasi. Tofo yenyewe ni ghuba ya mchanga, hapo ndipo pa mwanafunzi. Tembea kama kilomita 2 kwenda Tofinho, rasi ya mawe yenye wimbi la kwenda kulia, hapo ni pa mwenzake. Watu wawili wa viwango tofauti, kijiji kimoja, hakuna gari la kukodi. Niambieni wapi pengine mnapata hilo.

Agosti maji yanashuka kwenye nyuzi 22 au 23, kwa hiyo beba fulana ya mpira ya milimita 2. Mawe ya Tofinho yana makombe makali na wale wadudu weusi wa miiba, vaa viatu vya mwambani. Desemba usiende: upepo unatoka baharini, mvua, na msimu wa vimbunga umeshaanza.

#15 Mzee wa Jedwali
Tofo ni pazuri, lakini mleta uzi alizungumzia pwani ya kitropiki. Tropiki ya Kaprikoni iko nyuzi 23.4 kusini, Tofo iko 23.8 na kitu. Imetoka nje kidogo.

#16 Mwanamji wa Inhambane
Mzee, minazi ya Inhambane haijasoma hiyo ramani.

#17 Mzee wa Jedwali
Minazi haisomi, maji yanasoma. Ndiyo maana umemwambia avae fulana ya mpira.

#18 Jodari
Hapo Mzee kashinda. Tuendelee.

#19 MwanaMombasa
Hamjambo nyote. Nahodha ameitaja Malindi akaipita. Mwamba wa matumbawe unafuata karibu pwani yote ya Kenya, lakini mbele ya Malindi umekatika. Mto Sabaki unaleta matope na maji baridi yasiyo na chumvi, matumbawe hayastahimili, kwa hiyo ghuba imebaki mchanga na wimbi linafika hadi ufukweni bila kuvunjwa nje. Ndilo jibu la swali alilomuuliza Chuchunge pale #6: Malindi haina mkondo tofauti, ina pengo.

Kutoka Dar ni basi tu, Tanga, Horohoro, Mombasa, kisha kama kilomita 120. Msimu ni uleule wa kusi. Kasoro zake mzijue: upepo unatoka baharini, kwa hiyo muda mzuri ni alfajiri mpaka saa tatu. Baada ya mvua za masika maji ni ya kahawia, huoni unachokanyaga. Na msisogee mdomo wa Sabaki, kuna viboko na mamba.

#20 Chuchunge
@MwanaMombasa pengo linaeleza kwa nini wimbi linafika ufukweni. Halielezi kwa nini sekunde zake ni zilezile za Dar, 7 mpaka 9. Mkondo bado uko mezani.

Na kuna Saya de Malha na vina vifupi vingine vya ule uwanda wa chini ya bahari kati ya Shelisheli na Morisi. Sehemu nyingine pale ni mita 10 tu. Kwa hesabu ya Kolekole, wimbi la sekunde 14 linaanza kugusa chini kwenye mita 150. Basi yanayotoka kusini-mashariki ya mbali yanapoteza nguvu pale kabla hayajatuona.

#21 Nahodha Msasani
Saya de Malha inaziba kipande. Madagaska inaziba karibu sehemu ya nane ya dira. Pima pembe kwenye ramani halafu urudi.

#22 Potwe
Kuna aliyefikiria Reunion? Wimbi la Saint-Leu linasifiwa sana.

#23 Kolekole
@Potwe Reunion iliandamwa na mashambulizi ya papa kuanzia 2011, na mwaka 2013 serikali ikapiga marufuku kuteleza nje ya maji ya ndani ya mwamba wa matumbawe na maeneo yenye walinzi. Kwa Mtanzania pia ni viza ya Ufaransa. Morisi iko jirani, ina Tamarin na Le Morne, lakini yote ni mwamba. Siargao ya Ufilipino ni mwamba vilevile, na msimu wake unakolea Septemba hadi Novemba, haugusi tarehe zenu.

#24 Fundi Faiba
Mimi nasema la vifaa, maana mtaondoka bila kuuliza.

Ubao kwanza. Anayeanza ahesabu lita moja kwa kila kilo ya mwili au zaidi. Mtu wa kilo 70 achukue ubao wa sponji wa futi 8, wenye lita 70 na kuendelea. Wa kiuno mpaka kifua asishuke chini ya lita 45 au 50 kwa uzito huohuo. Akichukua mdogo kwa sababu unapendeza, atatumia likizo nzima kupiga mikono bila kushika wimbi. Mbao za sponji kodini mkifika, Weligama, Kuta, Tofo, zipo ufukweni. Bebeni ubao wenu pale tu unapozidi ule wa kukodi.

Kufunga kwa ndege: toa mapezi yote, skrubu na ufunguo wake weka mfuko mmoja. Pua na mkia ndivyo vinavyovunjika, vizungushie taulo na karatasi ya mapovu mara mbili, kingo mara moja. Ubao wa epoksi wenye kitundu cha hewa, legeza skrubu kabla ya kuukabidhi, ukifika ikaze kabla ya kugusa maji. Ulizeni shirika la ndege urefu wa mwisho wanaokubali na mpate jibu kwa maandishi. Ndege ndogo za hapa nyumbani nyingi zinakubali kilo 15 kwenye begi laini, ubao mrefu husahau.

Tobo nalo: hapa Dar ndipo linapoua mbao. Mafundi wetu wa boti za faiba wanatumia rezini ya poliesta. Ubao wa sponji ya poliyurethani unaipokea sawa. Ubao wenye sponji nyeupe ya chembechembe, ule wa epoksi, poliesta inauyeyusha ndani huku juu unaona salama. Kwa huo tumia epoksi tu. Kama hujui ni upi, dondosha tone la poliesta kwenye kipande kilichomeguka na usubiri dakika chache.

Utaratibu: kausha siku mbili au zaidi tobo likitazama chini, kwangua, piga msasa kuzunguka sentimita 3, weka kitambaa chepesi cha faiba, kama gramu 130 kwa mita ya mraba. Usikubali ule mkeka wa boti wa gramu 300 na 450, unaongeza uzito bila faida. Kigumishi cha poliesta ni asilimia 1 hadi 2. Kwa joto la Dar baki kwenye 1, yaani gramu 1 kwa gramu 100, la sivyo inaganda kwenye kopo kabla hujapaka. Na usiache ubao ndani ya gari juani. Nta inayeyuka, hilo si kitu, lakini ganda linaachana na sponji na hapo hakuna fundi.

#25 BintiMakunduchi
Nimehifadhi hii. Nta ipi kwa maji yetu?

#26 Fundi Faiba
Ya kitropiki, ile ngumu, kwa maji ya nyuzi 24 na kuendelea. Kwa Tofo ya Agosti chukua ya daraja linalofuata chini yake, hii ya kitropiki itakuwa ngumu mno na mguu utateleza.

#27 MtuWaKaole
Ahsanteni sana wakuu, nimesoma kila neno. Kigamboni imepungua uzito kichwani mwangu, ingawa sijaiacha. Mpaka sasa tuko hivi: Desemba Weligama, au Agosti Tofo. Mimi navutwa na Weligama, mwenzangu Tofo. Maswali mawili: usalama na karatasi.

#28 Jodari
Karatasi: kadi ya homa ya manjano bebeni, baadhi ya nchi zinaidai kwa anayetoka Tanzania. Cheti kinaanza kuhesabika siku ya 10 baada ya chanjo na ni cha maisha, kwa hiyo msichanje wiki ya safari. Bima ya safari isome mpaka uone mchezo wa mawimbi umetajwa, nyingi zinauacha nje.

#29 Kolekole
Usalama. Mkondo wa kurudi baharini unautambua kwa maji yaliyotulia katikati ya mawimbi mawili yanayovunjika, mara nyingi yana rangi ya mchanga. Anayeanza anapaona shwari akaingia hapohapo. Ukikuchukua, kaa juu ya ubao, piga mikono sambamba na ufukwe mpaka kwenye povu, kisha povu likurudishe. Usiuache ubao kamwe.

Ukianguka juu ya mwamba, anguka bapa, funika kichwa kwa mikono, usisukume miguu chini. Mkwaruzo wa matumbawe: osha kwa maji safi mengi na sabuni, toa kila chembe kwa kibano, paka ayodini, na usirudi majini siku hiyo. Joto la tropiki linageuza mkwaruzo kuwa usaha ndani ya siku mbili. Kwenye mchanga buruta miguu, usinyanyue, samaki taa waliojifukia wataondoka.

Na haki ya njia: aliye karibu zaidi na sehemu linapoanza kuvunjika ndiye mwenye wimbi. Wengine wanaondoka. Ugomvi wote wa Arugam Bay na Bali unaanzia kwa asiyejua hili.

#30 Mwanamji wa Inhambane
Mleta uzi, msikilize mwenzako. Agosti Tofo ni kiangazi cha baridi, anga safi, upepo wa asubuhi unatoka bara. Na mkichoka mawimbi kuna papa potwe.

#31 Potwe
Nimeitwa. Kwa potwe hakuna haja ya kuvuka mpaka, Mafia wapo, na msimu wao ni Oktoba hadi Machi. Akichagua Desemba anaweza kupita Kilindoni kabla ya Colombo.

#32 Nahodha Msasani
Hapo sasa Desemba inapata kura yangu. Mwezi huo kaskazi ndiyo imeanza, na kwenda Mafia na kurudi si shida. Agosti ule mlango wa Mafia na boti ndogo simshauri mtu.

#33 Mzee wa Jedwali
MtuWaKaole, hata mkichagua nje, itumieni Kigamboni kabla ya safari. Chagueni siku za maji mafu, muwe ufukweni saa moja asubuhi wakati yanajaa, muondoke upepo ukichafua. Povu la Kigamboni linatosha kabisa kumfundisha mtu kulala katikati ya ubao, kusukuma kifua na kurukia miguu. Akiweza hapo, siku tatu za kwanza za Weligama hazipotei kwa kujifunza kusimama. Masika au mvua kubwa ikinyesha, kaeni mbali na maji ya karibu na mdomo wa Msimbazi siku mbili tatu. Na mfuate tahadhari za Mamlaka ya Hali ya Hewa. Wakitangaza upepo mkali na mawimbi ya zaidi ya mita 2 hilo ni agizo la kubaki nchi kavu kwa mwanafunzi. Kimbunga Hidaya, Mei 2024, kilitufikia huku wengi wakiamini vimbunga ni vya Msumbiji tu.

#34 MtuWaKaole
Nimeelewa Mzee, shikamoo. Ubao tumepata wa kuazima, wa futi 8, lakini hauna kamba ya mguu. Naweza kufunga manila?

#35 Fundi Faiba
Hapana. Manila haivutiki. Wimbi likivuta ubao, ama itang'oa plagi ya mkiani pamoja na kipande cha sponji, ama itakata ngozi ya kifundo cha mguu. Inatakiwa kamba ya yurethani, urefu sawa na ubao au futi moja zaidi, kwa hiyo futi 8 au 9, unene wa milimita 7. Ule uzi mdogo unaounganisha kamba na plagi uwe mfupi, usifike ukingo wa mkia, la sivyo kamba inakata faiba kila ukianguka. Kaangalie kama plagi yenyewe ina nyufa kuzunguka, na kama ubao ni wa sponji au wa epoksi. Tuma picha hapa kabla ya kuingia majini.

#36 Chuchunge
Wakati anapiga picha: Nahodha, nimepima pembe. Madagaska inaziba kutoka kusini-kusini-mashariki hadi mashariki-kusini-mashariki. Mashariki yenyewe iko wazi. Nani anaeleza kwa nini huko nako hakuji sekunde 14?